Nilisema Nyanya

Mimi sinong'oni. Sijui kunong'ona. Mama yangu husema siku niliyozaliwa mkunga aliziba masikio kwanza ndipo akanikata kitovu. Nikakua hivyo hivyo, nikaimba kwaya mwezi mmoja wakaniomba niwe napanga viti. Halafu, kwa mapenzi ya Mungu, nikaolewa kwenye nyumba yenye mzee asiyesikia vizuri, na hapo ndipo nilipopata kibali.

Baba mkwe wangu sikio la kushoto lilishakufa zamani, na la kulia linasikia pale linapotaka. Ukimwambia kwa sauti ya kawaida, "Baba, chakula tayari," anakutazama kama anayetazama dirisha. Wenzangu pale nyumbani walichoka, wakawa wanamwonyesha kwa mikono. Mimi nampigia kelele. Asubuhi nikisema, "Shikamoo, Baba!" jirani wa ng'ambo ya mtaro anaitikia marahaba. Ndiyo maana wakanibandika jina la King'ora, na mimi jina nimelipokea kwa mikono miwili.

Sasa tuje kwenye shamba.

Baba ana shamba bondeni, kando ya kijito. Udongo mweusi, mzito, ukiutia maji unang'aa. Mdogo wa mume wangu, shemeji yangu huyu tunayemwita Tofali, anafyatua matofali, na udongo ule alikuwa anautamani kama mtoto anavyotamani sukari. Mimi nilikuwa nautamani kwa kulima. Na wote mnajua, ukishalima shamba mwakani unalima tena, lakini ukishafyatua matofali unabaki na shimo na vyura.

Nililisema hilo siku moja tukiwa tunakula. Nililisema kwa sauti yangu. Baba akaacha kutafuna.

"Sawa," akasema. "King'ora, nakupa misimu miwili. Nataka nione gari la mizigo linaingia uani kwangu, linapakia mazao ya shamba lile, linatoka limejaa. Likitoka limejaa, shamba ni lako na mumeo mpaka mlichoke. Lisipotoka, Tofali achimbe."

"Na likitoka nusu, Baba?" akauliza Tofali, meno yote nje.

"Nimesema limejaa!"

Tofali akanigeukia. "Shemeji, usijali. Nitakuachia kakona uoteshe maua."

Nilimrushia kijiko. Alikuwa ananitania tu, Tofali si mtu mbaya, lakini kijiko nilikirusha kwa moyo wote.

Shida ni moja. Kwetu mtu hasemi anapanda nini. Mahindi ya kula nyumbani si siri, hayo kila mtu anayo. Siri ni lile zao la kuuza, la bondeni, la kumwagilia. Kila mtu anaogopa akisema jirani ataiga, na wakipanda wawili bei itashuka. Kwa hiyo ukimuuliza mtu, "Msimu huu unaweka nini?" atakujibu, "Mungu akipenda, tutaona." Kuna mwanamke alimwambia dada yake wa tumbo moja kwamba anapumzisha ardhi, kumbe ana pilipili hoho katikati ya mahindi. Mwenye duka la pembejeo anauza mbegu kama daktari anayetibu ugonjwa wa aibu. Unaingia, unarudisha mlango, unamwinamia, na yeye anazitia pakiti zako kwenye mfuko wa dawa ya panya ili ukikutana na watu njiani usiulizwe kitu.

Hata Bwana Shamba tulimdanganya. Maskini ya Mungu, ni yeye mmoja na pikipiki moja, na eneo alilopewa ukilizunguka mafuta yanaisha kabla hujaona mpaka. Nchi yenyewe hii ni kubwa, upande mmoja wanakimbia mafuriko, upande mwingine wanatafuta wingu. Alikuja akiuliza kila nyumba, "Unalima nini, nikushauri?" Nyumba ya kwanza wakamwambia viazi vitamu. Ya pili wakasikia ya kwanza walivyosema, nao wakasema viazi vitamu. Akapeleka taarifa kwa wakubwa zake kwamba bonde zima ni viazi vitamu. Wakubwa wakafurahi, wakatuletea semina ya viazi vitamu. Tulikaa siku nzima tunafundishwa kuhifadhi viazi ambavyo hakuna aliyekuwa navyo, na tuliuliza maswali, tukapiga makofi, tukarudi nyumbani tumeshiba soda.

Basi msimu wa kwanza nikachagua nyanya. Mwaka wa nyuma mafuriko yalizoa nyanya za huko chini, na bei ya nyanya ilipanda mpaka watu wakawa wanainusa moja wanairudisha kwenye meza. Nikasema, hapa hapa. Mume wangu, ambaye ni fundi baiskeli na mtu wa maneno machache, akanishika mabega yote mawili.

"Mke wangu, nakuomba. Msimu huu mmoja tu, funga mdomo."

Nikaufunga. Nilivimba, jamani! Nilikuwa natembea na lile neno kooni kama mfupa wa samaki. Kitalu nikakiweka nyuma ya bafu, nikakifunika majani makavu. Nikawa namwagilia jioni huku naimba nyimbo za mambo mengine kabisa. Redio, jirani yetu wa shamba la kuungana, huyu mwenye habari za kila mtu kabla mwenyewe hajazijua, akaniuliza naweka nini. Nikakaza midomo nikamwonyesha mbingu. Nikamuuliza yeye. Akasema dengu.

Nyanya zilikubali. Sijawahi kuona nyanya zinakubali namna ile. Tukapatana na Mama Tenga, yule mnunuzi wa mjini mwenye lori la bluu, kwamba siku ya soko akishafika njia panda nitamwongoza hadi uani kwetu. Asubuhi hiyo nilichukua tenga moja la kuonyesha, nikalifunika kwa kanga, nikaenda njia panda.

Njia panda ilikuwa imejaa. Baiskeli, mikokoteni, ndoo vichwani, na kila mzigo umefunikwa. Watu wanasalimiana kwa adabu huku kila mmoja anashikilia shuka lake. Lori likaja. Mama Tenga akashuka, mwanamke mpana, wa vitendo. Akasema, "Haya, fungueni nione."

Tukafungua.

Nyekundu tupu. Mbele nyekundu, nyuma nyekundu, kwenye mikokoteni nyekundu, kwenye beseni la bibi mmoja aliyeapa kwa jina la marehemu mumewe kwamba analima bamia, nyekundu. Halafu nikamwona Redio.

"Redio! Si ulisema dengu wewe?"

"Na wewe si ulinionyesha mbingu?"

Mtu mmoja akaanza kucheka. Ni kile kicheko kinachoanzia tumboni, huwezi kukizuia. Akafuata mwingine. Yule bibi wa bamia akakaa chini kabisa akajipiga mapaja. Tukacheka mpaka machozi, na katikati ya kucheka, machozi mengine yakawa ya kweli. Mama Tenga alishika kichwa.

"Jamani, nyanya zote hizi nizipeleke wapi? Nikaogee?"

Akapakia za watu wachache wa mbele kwa bei ya kutupa, lori likajaa, likageuza pale pale. Uani kwetu halikugusa. Mwenye duka la pembejeo alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Nikamwendea.

"Wewe ulijua! Umetuuzia wote mbegu moja!"

"Mama, siri ya mteja ni siri ya mteja," akanijibu, tena kwa heshima.

Mwezi ule tulikula nyanya mpaka mbuzi wakawa wanatuona wanakimbia. Kuzihifadhi tungezihifadhi wapi? Hakuna chumba cha baridi, hakuna kiwanda, na jua la siku mbili tatu linatosha kuzifanya uji. Tulizokuwa tumebaki nazo tukazimwaga kwenye kipande cha ardhi kando ya barabara, sisi na majirani wote, likawa rundo moja jekundu lenye nzi wake. Tofali akaja shambani na kamba ya kupimia.

"Bado msimu mmoja!" nikamwambia.

"Najua, shemeji. Napima tu nisije nikasahau."

Basi hasira ikanikaa. Hasira yangu mimi si ya kukunja uso, ni ya kufanya kitu. Nikakaa nikawaza: sasa hivi kila mtu hapa anaichukia nyanya. Hakuna atakayeigusa. Na watu wa mjini hawataacha kula nyanya kwa sababu sisi tumenuna. Nikaona njia nyeupe.

Msimu wa pili ulipofika nikaenda kwenye duka la pembejeo, nikanunua mbegu zangu. Nje nilikuta watu, kila mmoja anajifanya kaja kununua kamba. Baba mkwe naye alikuwa pale nje, amekaa kwenye ngazi na fimbo yake. Redio akanisogelea, akaniuliza kwa kile kisauti chake cha pembeni:

"King'ora, safari hii tunaweka nini?"

Nikafikiria lile neno lililonikaa kooni msimu mzima. Nikasema potelea mbali.

"NYANYA!" nikasema. "Nyanya tena! Mnasikia? Mimi naweka nyanya!"

Kamba zikawadondoka mikononi. Walinitazama, wakatazamana, halafu wakaangua kicheko.

"Mwone anavyotuzuga!" Redio akasema, anajifuta macho. "Mtu na akili zake atangaze?"

Nikawaonyesha pakiti. Wakasema ndani nimetia mbegu nyingine. Nikaipasua nikawaonyesha mbegu. Wakasema hiyo ni pakiti ya juu tu, za chini ni nyingine. Nikatoka pale nacheka mwenyewe njiani kama mwendawazimu, kwa sababu sijawahi kuona kitu kama kile. Msimu mzima nilificha wasijue, na sasa nawapa ukweli kwenye sahani hawautaki!

Jioni ile habari ilikuwa imeshakomaa. King'ora anaweka vitunguu. Walijuaje? Redio aliniona natoka gengeni nimebeba vitunguu. Viwili. Vya kupikia mboga.

Hata mume wangu, tulipokuwa tunapanga vyombo, alinisogelea akaniuliza, "Mke wangu, hata mimi? Ni vitunguu?"

"Nyanya!"

"Basi, kama hutaki kuniambia, sikulazimishi." Akaenda zake kuziba pancha.

Hapo ndipo kichwa kikavimba. Nikasema kama hawaamini masikio, waamini macho. Nikaacha kitalu cha nyuma ya bafu, nikaenda kuotesha kando ya barabara, mahali peupe, kila apitaye aone. Wakapita, wakaona miche ya nyanya inachipua, wakasema, "Hiyo ni ya geresha, ya kweli kaificha." Nami nikawapungia mkono. Raha niliyokuwa nayo hamwezi kuijua.

Ila mahali penyewe peupe ni pale pale tulipomwaga nyanya zilizooza. Udongo wote ulikuwa umebeba uozo wa msimu mzima. Bwana Shamba alisimamisha pikipiki yake akaniambia, "Mama, hapa patakuletea kinyausi." Nikamuuliza kama na yeye ametumwa kutafuta vitunguu. Akaondoka anatikisa kichwa.

Kinyausi ni ugonjwa wa miche. Unaulaza mche shingoni, pale unapotokea ardhini, unaanguka kama umelewa. Asubuhi moja nikafika kitaluni nikakuta miche yote imelala. Yote. Nikaushika mmoja ukakatika kwenye vidole.

Nikakimbia dukani. Mwenye duka akafungua mikono. "Nimejaza mbegu za vitunguu, Mama. Ndivyo watu walivyotaka. Nyanya nilileta pakiti zako na nyingine chache, zimekwisha." Kuagiza mjini, mpaka zifike, mpaka ziote, msimu ungekuwa umeshatupa mgongo.

Nilirudi kando ya barabara nikalia. Na mnajua navyolia mimi. Watu walitoka majumbani. Redio akasimama akanisikiliza, akamwambia mwenzake, "Loo, huyu mwanamke ni hodari. Analilia hata miche ya uongo!"

Tofali yeye hakucheka. Alikuja na kamba yake, akaniona, akaikunja akaitia mfukoni. "Pole, shemeji," akasema. Jioni nikampigia Baba kelele kwamba miche imekufa yote. Akatikisa kichwa, akasema ana kazi ya kuku wake.

Hao kuku ni jambo jingine. Tangu msimu uanze Baba alikuwa amejitengea kibanda nyuma ya stoo, amekizungushia magunia, na amekataza mtu kusogea. "Kuku wangu wanaatamia. Wakishtuka mayai yanaharibika." Kila asubuhi anabeba ndoo ya maji anaingia nayo. Nilishawahi kumuuliza mume wangu ni kuku gani hao wanaokunywa ndoo nzima. Akasema labda wana kiu.

Kesho yake nilishuka bondeni. Sikujua nafuata nini. Nadhani nilienda kuliaga shamba. Na pale kwenye kichwa cha shamba, chini ya magunia yaliyoloweshwa maji, nikakuta makopo. Makopo ya mafuta ya kupikia, madebe yaliyokatwa, beseni lililotoboka, na ndani yake miche. Miche ya nyanya! Imenyooka, minene, ya kijani kilichokolea, mingi kiasi cha kujaza shamba!

Nilipiga kelele mpaka ndege wakaruka. Nikakimbia hadi kwenye kibanda cha mume wangu, nikamkumbatia mbele ya wateja, na baiskeli mkononi mwake.

"Umeipata wapi?" nikamuuliza.

Akanitazama, akatabasamu lile tabasamu lake la kimya. Nikajua basi ni yeye, ameagiza mjini kwa siri. Sikuuliza zaidi. Nikarudi kupanda.

Tulihamisha miche, tukaiwekea matandazo, tukaitegemeza kwa vijiti. Maji tulibeba kijitoni kwa ndoo, jua likachoma, viwavi wakaja tukawatoa kwa mkono. Na kila nikipita barabarani narudia, "Nyanya jamani, nyanya!" na wao wananiitikia, "Ndiyo, Mama Nyanya!" wanakonyezana. Msimu mzima nilitembea nasema kweli tupu na nilikuwa mtu mwenye siri kuliko wote bondeni.

Siku ya soko ikafika. Njia panda ile ile, mashuka yale yale. Lori la bluu likaja, Mama Tenga akashuka, safari hii amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa vita.

"Fungueni."

Wakafungua. Vitunguu. Vitunguu mbele, vitunguu nyuma, bibi wa bamia, vitunguu. Redio, vitunguu mpaka kwenye kofia. Harufu ilitutoa machozi sote.

Mama Tenga akavuta pumzi. "Mjini watu wananiua kwa ajili ya nyanya," akasema taratibu. "Bonde zima hili hamna hata nyanya moja?"

Shingo zote zikageuka. Zikaja kwangu.

"NILIWAAMBIA!" nikasema. "Mbele ya duka! Nikapasua na pakiti!"

Redio alishika kifua. "Kwa hiyo... ilikuwa kweli?"

"Ulikuwa unataka niape?"

Akacheka yeye wa kwanza, namsifu kwa hilo. Afadhali kitunguu kinavumilia. Ukikikausha vizuri ukakitundika kinakusubiri, na hakuna aliyemwaga kitu kando ya barabara. Lakini siku ile lori lilikuwa langu. Nikapanda mbele, kwenye kiti cha pembeni ya dereva, nikalisindikiza hadi nyumbani kwa sauti yangu mwenyewe, "Kushoto! Kushoto tena! Angalia kamba ya nguo!" na watu wote wa njia panda wanatufuata nyuma wanacheka.

Lori likaingia uani. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, fimbo katikati ya magoti. Tukaanza kupakia. Aliyebeba matenga mengi kuliko wote alikuwa Tofali. Jasho linamtoka, anapiga miluzi.

"Shemeji, huna uchungu?" nikamuuliza.

"Ninao. Lakini nikikaa nauangalia utazidi. Lete lingine."

Zikabaki nyanya za kujaza ile nafasi ya nyuma, na matenga yakawa yameisha. Limejaa, Baba alisema, si nusu. Nikakumbuka kule kibandani kwa Baba hakukosi makopo na vikapu. Mayai yataharibika na yaharibike, nitawalipa kuku. Nikazunguka stoo, nikasukuma magunia, nikaingia.

Hapakuwa na kuku. Hapakuwa hata na unyoya.

Kulikuwa na makopo. Ya mafuta ya kupikia, na madebe yaliyokatwa, yamepangwa mstari kwa mstari, na kwenye yale ya pembeni ilikuwa imebaki miche ambayo haikuhamishwa, imerefuka, inaegemea ukuta. Mmoja ulikuwa umezaa nyanya yake ndogo, nyekundu. Na ile ndoo ipo pale, na kata ya kumwagilia.

Nilitoka polepole. Mume wangu alikuwa anafunga kamba kwenye lori. Nikamuuliza, "Ile miche, hukuniletea wewe?"

"Mimi? Si uliileta wewe ukaniuliza nimeipata wapi? Nikajua umeagiza unanificha."

Nikaenda mbele ya Baba. Uani palikuwa pamejaa watu, na wote wakanigeukia, maana walikuwa hawajawahi kuniona nimefunga mdomo.

"Baba," nikasema, na kwa mara ya kwanza ilibidi nitafute sauti. "Hamna kuku mle."

"Hawajawahi kuwemo," akasema. "Kuku wa nini? Wananitimulia vumbi."

"Lakini ni wewe uliyeweka sharti. Ni wewe uliyesema Tofali achimbe."

"Nilikuwekea sharti, mwanangu. Sikukuombea mabaya." Akagonga fimbo chini. "Nilikuwa pale dukani. Ukasema nyanya. Hawa wakacheka, mimi nikainuka nikaingia ndani nikanunua mbegu. Nikasema huyu anavyomwagilia kwa hasira ataiua miche, acha nimwekee akiba. Miche yako ilipolala, usiku ule ule nikaishusha hii bondeni kwa mkokoteni."

"Watu wote hawakuniamini. Hata mume wangu."

"Hawa wananong'ona mwaka mzima, mimi siwasikii, na sijui wanasema nini. Wewe ndiye pekee unayesema nami kwa sauti tangu uingie nyumba hii. Mtu anayepiga kelele vile anaficha nini? Nisingekuamini wewe, ningemwamini nani?"

Mume wangu akaachia kamba. Tofali akaweka chini tenga alilokuwa nalo, akajifuta uso kwa shati, na sidhani lilikuwa jasho.

Redio hakuweza kuvumilia. Alipenya kibandani, akatoka na ule mche wenye nyanya ndogo. "Mzee! Miche yenyewe hii ni minene kuliko yangu yote! Msimu ujao si utuoteshee na sisi?" Wengine wakaanza kusogea. Yule bibi wa bamia akasema mifupa yake haiwezi tena kuchutama kitaluni.

"Nitaotesha," akasema Baba. "Tofali atanijengea vitalu vya matofali pale mbele ya nyumba, kila mtu aone. Njooni mniambie mnataka nini."

Redio akawa wa kwanza. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akamwinamia Baba kwenye sikio la kushoto, lile lililokufa, akanong'ona.

"Eeh?"

Akanong'ona tena.

"Sikusikii! Mimi ni kiziwi! Sema kwa sauti!"

Redio alitazama watu wote wale. Akafumba macho.

"KABICHI!"

Halafu bibi wa bamia akanyoosha mkono. "Basi mimi bamia! Safari hii kweli!" Mwingine akapaza, "Karoti!" Mwingine alikuwa naye anataka kabichi, akamtazama Redio, akajikuna, akasema, "Basi mimi nipe pilipili hoho." Mama Tenga, mguu mmoja kwenye lori, akawapigia kelele, "Semeni tena hizo karoti, nani karoti?" Uwanja mzima ukawa unapiga kelele, watu wazima, wanatajiana mazao yao kwa mara ya kwanza katika maisha yao, wanacheka, wanasukumana. Baba ameinua sikio la kulia anazipokea zote kama anayekusanya mayai.

Lori likatoka. Lilikuwa limejaa, nyanya za mwisho tulizifunga kwenye kanga yangu tukazibana nyuma. Baba aliinuka akalizunguka lote kwa fimbo yake kabla hajalifungulia njia. Akaliangalia mpaka likapinda kona.

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwanangu? Msimu ujao nikuoteshee nini?"

Nikafungua mdomo, na mimi King'ora, mimi niliyefukuzwa kwaya, sauti haikutoka. Nikamwinamia, nikanong'ona. Ndiyo, nilinong'ona, na mume wangu aliyekuwa amesimama karibu yangu anasema hakusikia kitu.

"Nyanya," akasema Baba. "Nimesikia."

Akachukua ndoo yake akaenda kuchota maji.